Heko kwa Wasomaji wa Mikondo ya Bahari

Machi 8, 2014, ndege MH370 ya Malaysia Airlines ilitoweka na watu 239 ikitoka Kuala Lumpur kwenda Beijing. Juni 2016, kipande kikubwa cha bawa lake la kulia kiliokotwa Pemba. Wachunguzi wa Australia walikikagua ndani, wakakuta muhuri wa kiwandani wa Januari 23, 2002, miezi minne kabla ndege haijakabidhiwa shirika. Shaka ikaisha.

Pongezi za pekee ziwaendee wataalamu wa bahari wa taasisi ya CSIRO, Australia. Katika kukadiria ndege ilikoangukia, hawakuridhika na vielelezo vya kuigiza vya mabaki yake. Walitafuta kipande halisi cha bawa la Boeing 777, wakakikata kifanane na kipande kingine cha MH370 kilichookotwa kisiwa cha Réunion Julai 2015, wakakiachia baharini. Kilielea kwa kasi zaidi kuliko vielelezo, kikielekea kushoto mwa upepo. Kwa hesabu hiyo wakapunguza eneo la kuitafuta ndege.

Huo ndio uungwana wa kazi: kuwahangaikia wafiwa wanaosubiri jibu. Nasi wa pwani tuna sehemu yetu. Ukiokota kipande cha ajabu ufukweni, usikifanye chuma chakavu. Kipeleke kwa wahusika.