Anayepima Kabla ya Filimbi

Muhula wa kwanza ukifunguliwa, kabla mwanafunzi yeyote hajapiga hatua ya mbio, mwalimu wa riadha huwa ameshinda uwanjani na kamba, kigingi na ndoo ya chokaa. Anapigilia kigingi kwenye kitovu cha kona, anafunga kamba ya mita 36.5, kisha anazunguka nayo taratibu akiacha alama kwenye nyasi. Kona mbili za namna hiyo, zikiunganishwa na pande mbili zilizonyooka za mita 84.39 kila moja, ndizo zinazozaa uwanja wa mita 400. Kazi bado haijaisha. Kila njia ina upana wa mita 1.22, na wa njia ya nje huzunguka kona ndefu zaidi. Ndiyo maana katika mbio za mita 400 mkimbiaji wa njia ya pili huanzia mita 7.04 mbele ya mwenzake wa njia ya kwanza. Mwalimu akikosea hapo, muda wote atakaouandika daftarini msimu mzima utakuwa wa uongo.

Kazi hii haina washangiliaji. Hata hivyo, ndani yake umo ufundi wote wa riadha ya shule, yaani kujua kupima. Mwalimu hupima uwanja kwanza, kisha mwili wa mtoto ambao bado unakua, na mwishowe jambo gumu kuliko yote: siku ya kumwachia akimbie kwa nguvu zake zote, na siku ya kumzuia.

Msimu wenyewe ni mgumu kupimika. Katika shule za upili za Kenya, riadha imekuwa kwa miaka mingi mchezo wa muhula wa kwanza, na mashindano hupangwa kama ngazi: mabweni hushindana yenyewe kwa yenyewe, kisha zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, hadi taifa. Tanzania nayo ina ngazi zake, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Hatua hizi hufuatana kwa haraka, na hapo ndipo penye mtego. Shule inataka pointi. Mwalimu mkuu anataka kikombe. Kijana mmoja mwenye kipaji anaandikishwa mita 800, mita 1,500 na mbio za kupokezana vijiti, zote kwa siku moja, na kila mara anakimbia kana kwamba hakuna kesho. Anashinda zoni kwa kishindo, anashinda kaunti ndogo, na akifika kanda miguu imekwisha.

Mwalimu fundi huliona hilo mapema. Kwenye mchujo humwagiza kijana apite tu, ashike nafasi inayomvusha na aihifadhi pumzi kwa ajili ya fainali. Humwondoa kwenye mbio moja hata kama pointi zitapotea, na nafasi hiyo akampa wa kidato cha kwanza ambaye hakuna anayemjua. Alasiri nzima ataitumia kwa vijana wanne na kijiti kimoja, maana kwenye mita 100 mara nne timu yenye wakimbiaji wa kawaida inaweza kuwashinda wenye kasi zaidi kwa sababu tu mkono ulinyooshwa kwa wakati na kijiti kikapokewa bila kugeuka nyuma.

Anayetaka mfano wa ufundi huu ukiwa umekomaa apande hadi Iten, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Shule ya upili ya wavulana ya St. Patrick's iliwahi kuwa na mwalimu ambaye jina lake haliachani na historia ya riadha ya Kenya, Bruda Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland. Alifika mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha, wala hakuwahi kuwa mwanariadha wa kutajika. Timu ya shule ilikuwa mikononi mwa Peter Foster, ndugu wa Brendan Foster, Mwingereza aliyepata shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huohuo. Foster alipoondoka, mwalimu wa jiografia akaachiwa timu.

Kwa kuwa hakuwa na nadharia ya kuitetea, Bruda Colm alianza kwa kutazama. Aliangalia vijana walivyokimbia, mguu ulivyokanyaga, mabega yalivyopanda mtu akichoka, mikono ilivyokatiza kifua badala ya kwenda mbele. Kutokana na kutazama huko akajenga utaratibu ambao wageni wengi waliofika Iten wameshangazwa na utulivu wake. Wanariadha wadogo hupewa muda mrefu wa mazoezi ya viungo na mikao, na mbio za taratibu za kukimbia kwa kikundi, hatua zikilingana, bila mtu kumtambia mwenzake. Saa ya kupimia hukaa mfukoni hadi mwili uwe umejifunza kukimbia bila kujikaza.

Matunda yalionekana. Peter Rono, aliyesoma shuleni hapo, alishinda mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 21. Mwaka huohuo Ibrahim Hussein, naye wa St. Patrick's, alishinda marathoni ya Boston kwa sekunde moja tu mbele ya Mtanzania Juma Ikangaa: saa 2:08:43 kwa 2:08:44. Mwaka 1992 Matthew Birir alitwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Barcelona. Uwanja wa shule umejaa miti iliyopandwa kwa heshima ya mabingwa wake.

Wapo wanaosema siri ni mwinuko wa Iten na hewa yake nyepesi. Mwinuko unasaidia, hakuna ubishi. Lakini ukingo uleule una shule nyingi, zenye hewa ileile na watoto wa vijiji vilevile, na medali hazikugawanyika sawa baina yao. Mwinuko haumwambii kijana wa miaka 16 apumzike leo. Hilo husemwa na mtu aliyemtazama akikimbia wiki baada ya wiki.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 utazamaji huo ulivuka ua wa shule ya wavulana. Bruda Colm alianzisha kambi za likizo, na wasichana wakapata nafasi ambayo wengi wao hawakuwa nayo shuleni kwao. Sally Barsosio alipita katika mikono hiyo. Mwaka 1997 mjini Athens alishinda mita 10,000 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kutwaa dhahabu ya mashindano ya dunia uwanjani. Miaka 10 baadaye, mjini Osaka, Janeth Jepkosgei naye alishinda mita 800 katika mashindano hayohayo.

Mbio hizo za mita 800 ndizo zinazoonyesha ufundi huu kwa uwazi zaidi. Wilson Kipketer, mwanafunzi wa St. Patrick's aliyehamia Denmark na kuikimbilia nchi hiyo, aliweka rekodi ya dunia ya dakika 1:41.11 mjini Köln mwaka 1997. Ilidumu miaka 13. Aliyeivunja mjini Berlin, Agosti 2010, alikuwa David Rudisha, aliyefundishwa na mwalimu yuleyule. Baba yake Rudisha, Daniel, alipata fedha ya kupokezana vijiti mita 400 mara nne mjini Mexico City mwaka 1968, na kijana mwenyewe alianza akijiona mkimbiaji wa mita 400. Ni Bruda Colm aliyemshauri ajaribu mita 800. Tarehe 9 Agosti 2012, London, Rudisha aliongoza tangu mwanzo, bila wa kumvuta wala kumkinga upepo. Mzunguko wa kwanza alitumia sekunde 49.28, wa pili sekunde 51.63, jumla dakika 1:40.91, mtu wa kwanza kushuka chini ya 1:41. Kwenye mita 100 za mwisho mabega yake yalikuwa chini na mikono inakwenda mbele.

Mabega hayo hayakufundishwa London. Yalirekebishwa miaka mingi nyuma, kwenye nyasi na vumbi, na mwalimu wa shule. Walimu wa aina hiyo wapo leo Iten, Mbulu, Kapchorwa na kwingineko, wakibeba riadha juu ya vipindi vya hesabu na Kiswahili, mara nyingi kwa nauli ya mfukoni mwao. Wanastahili kupunguziwa vipindi msimu unapoanza, kupewa viunzi na vijiti vya kutosha, kulipiwa mafunzo ya ukocha wakati wa likizo, na kualikwa uwanja wa ndege siku mwanafunzi wao anaporudi na medali.