Swali Limedai Nini? Hoja na Masimulizi katika Insha za Fasihi

Katika mitihani ya fasihi ya kidato cha nne hapa Tanzania, maswali yanayowaponza wanafunzi wengi ni yale yanayoanza na kauli na kuishia na "jadili" au "thibitisha". Mwanafunzi kitabu amekisoma, wahusika anawajua kwa majina, matukio yote anayo kichwani. Hata hivyo anaambulia alama chache, kwa kuwa palipotakiwa hoja yeye amesimulia hadithi.

Nimetunga swali kwa mtindo wa mitihani yetu kuhusu tamthilia ya Edwin Semzaba ambayo imesomwa shuleni kwa miaka mingi: "Mapenzi ndiyo yaliyomwangusha Ngoswe. Jadili." Jina la kitabu chenyewe, Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tayari limetoa dai kwamba penzi ndilo chanzo na uzembe ndio matokeo. Kauli ya swali nayo inadai sababu. Haitaki kujua kama Ngoswe alipenda, maana hilo halina ubishi. Inataka kujua kama ni penzi lililoiharibu kazi aliyotumwa.

Soma sasa aya ya aina tunayoizoea: "Hoja ya kwanza ni mapenzi. Ngoswe alitumwa kijijini kuhesabu watu. Huko akampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, akatoroka naye. Mitomingi akachoma karatasi za sensa." Kila sentensi hapo ni ya kweli, na tatizo liko hapohapo. Hayo ni madai ya tukio: ukifungua kitabu unayakuta, basi yamekwisha. Hakuna wa kuyapinga, kwa hiyo hakuna cha kuthibitisha. Msahihishaji anaona penzi mwanzoni na moto mwishoni, lakini haambiwi penzi lilifikaje kwenye moto.

Linganisha na hii: "Kwa kumtorosha Mazoea, Ngoswe aliigeuza kazi ya serikali kuwa ugomvi wake na baba wa binti. Ndiyo maana kisasi cha Mitomingi kiliiangukia kazi hiyo. Alizichoma karatasi za sensa, akaliunguza jukumu lenyewe." Matukio ni yaleyale na urefu unakaribiana, ila hapa mwandishi amesema jambo linaloweza kubishaniwa, kisha tukio la karatasi akalifanya ushahidi. Hiyo ndiyo hoja.

Tena, kwa kuwa swali limesema "jadili", mlango wa pili uko wazi. Mwanafunzi makini anaweza kusema penzi halikuwa kosa. Watu hupenda na kazi zao zikaenda. Kilichomwangusha Ngoswe ni kukosa nidhamu ya utumishi, na penzi lilikuja kuufichua udhaifu aliofika nao kijijini. Mimi naiona hoja hii kuwa na nguvu kuliko ile ya kwanza, ingawa inalipinga jina la kitabu. Lakini swali lingesema "thibitisha", mlango huo ungefungwa: hapo kazi ni kuisimamia kauli. Na lingeuliza "kwa kiasi gani", lingetaka kipimo, yaani penzi lilichangia wapi na likakomea wapi.

Madai ya thamani, yale yanayohukumu jambo kuwa jema au baya, yana ugumu wake. Katika riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino, na mila inataka mtoto huyo asiishi. Mama anakimbia naye, akaenda kupokelewa ugenini na mzee Chivero. Swali likisema "Sekai ni mama wa kuigwa", haitoshi kuandika kwamba alikuwa jasiri. Kuigwa kwa kipimo kipi? Kwa kipimo cha mila amekaidi. Kwa kipimo cha uhai wa mtoto ametenda haki. Mwanafunzi asipokitaja kipimo chake, sifa anazommiminia Sekai zinabaki maneno matupu.

Sharti la "hoja tatu kutoka kila kitabu" nalo limetuzoesha vibaya. Wengi huandika vichwa vitatu vilivyopigiwa mstari, kisha tukio moja wakalizungusha chini ya vichwa vyote: penzi, uzembe, kutowajibika, na mfano ni uleule wa kutoroka. Hoja mbili zikiegemea ushahidi mmoja kwa namna ileile, hiyo ni hoja moja iliyoandikwa mara mbili. Na ule utangulizi unaomaliza nusu ukurasa kueleza maana ya fasihi, mimi ningeufupisha kuwa sentensi moja, nafasi iliyobaki apewe Ngoswe.

Walimu wenzangu, kabla ya kudai insha nzima, jaribuni kuwapa wanafunzi kauli moja na kuwaomba sentensi moja tu: dai lao. Isomeni darasani na mwulize nani anaipinga. Asipopatikana hata mmoja wa kuipinga, mwenye sentensi arudi kitabuni aitafute upya.