Chuma Kinachomngoja Mbuta

Alasiri, jua likianza kulainika juu ya mafunjo ya Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mzee mmoja ninayemheshimu sana huketi kwenye mashua iliyopinduliwa, akachukua ndoano mpya na kuiburuta taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, huitupa kando. Ikikwama na kuacha mchirizi mweupe, huiweka kwenye beseni. Kazi hiyo huchukua muda, na hapendi kusemeshwa akiifanya. Siku ya kwanza nilipomuuliza, "Jaduong', mzee wangu, unatafuta nini?" alinijibu bila kuinua macho: "Nyathina, mwanangu, samaki akishauma, hakuna tena kuchagua."

Jibu hilo lilinikumbusha wawindaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na tangu hapo ujuzi wa kuchagua risasi ya kumpata mnyama mkubwa kutoka mbali umebaki katika vitabu na katika kumbukumbu za wazee wachache. Risasi ngumu, isiyochanua, ilikuwa ya tembo na kiboko, kwa kuwa hupenya mfupa mnene bila kupoteza njia. Risasi laini, inayochanua ikigusa nyama, ilikuwa ya swala na jamii yake. Kisha umbali ulivuruga hesabu yote. Risasi laini iliyosafiri sana hufika imechoka, ikapita mwilini bila kuchanua, na mnyama akaenda kufia vichakani siku ya pili. W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, alipenda bunduki ya milimita 7, ndogo kuliko walizobeba wenzake, na alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umelala wapi. Aliua tembo zaidi ya 1,000, na hilo halinipi furaha yoyote. Ninachokiheshimu ni ule msumeno, yaani mtu kumsoma mnyama kabla ya kumwelekezea chuma.

Msomaji huyo wa mnyama yupo Dunga hadi leo, ila anamsoma mbuta, yaani sangara. Kamba yake ndefu yenye ndoano, ambayo upande wa Mwanza huitwa migonzo na kule pwani dhulumati, hutegwa jioni na kuinuliwa alfajiri. Ndoano inapokutana na samaki, mwenyewe amelala nyumbani. Hakuna umbali unaouzidi huo. Mkono wake haupo pale kurekebisha kitu, kwa hiyo kila uamuzi lazima uwe umekwisha kufanywa ufukweni, mchana, ndoano ikiwa bado kavu.

Uamuzi wa kwanza ni ukubwa, na hapa wageni huchanganyikiwa, maana namba ikipanda ndoano inapungua. Namba 8 ni kubwa kuliko namba 12. Mbuta hang'ati kama mbwa. Hufungua kinywa ghafla, na maji yakamvuta samaki mdogo pamoja na chambo ndani. Meno yake ni mafupi, yamejaa kama brashi, ya kushikilia tu. Ndoano ndogo humezwa na mbuta wa kila umri, hata mtoto ambaye hajazaa. Ndoano pana humpita mtoto huyo, ikamsubiri mkubwa. Nchi zinazolizunguka ziwa zilikubaliana kwamba mbuta wa kuvuliwa awe kati ya sentimita 50 na 85, mdogo apate kukua na mama mkubwa abaki kutaga. Kipimo ni chema, lakini rula huja baada ya samaki kutoka majini. Mbuta aliyevutwa haraka kutoka kilindini huvimba kibofu cha hewa, na ukimrudisha ziwani huelea tumbo juu. Huruma ya kumwachia huwa imechelewa. Ndiyo maana nawaheshimu wanaonunua ndoano pana, hasa siku ambazo ndogo ingewajazia mashua.

Baada ya ukubwa, chuma chenyewe. Mzee huishika ndoano kwa koleo na kuivuta. Ile laini hunyooka, na mbuta mzito ataondoka nayo kinywani. Ile iliyokaushwa mno motoni huvunjika kwenye mpindo. Anayoitaka hupinda kidogo sana kisha hurudi. Hutazama pia kile kijino kinachozuia ndoano isichomoke: kikichongwa kirefu mno huidhoofisha ncha. Zamani alipenda za Mustad wa Norwei, kampuni inayotengeneza ndoano tangu 1877, na bado huzitaja kama mtu anavyomtaja mkwe mwema. Karibu na mafunjo, anakotega kamongo, hubadilisha hata kijikamba kinachoshika ndoano, kwa sababu taya za kamongo zina mabamba magumu ya kusaga na nailoni nyembamba hailali salama humo.

Halafu chambo. Fulu hai, au mumi mdogo, huchomwa juu ya mgongo, chini kidogo ya pezi, mbali na uti, ili aendelee kuogelea usiku kucha. Nimejaribu mara nyingi, na wangu hufa kabla mashua haijaondoka. Vidole vya mzee, vinene na vyenye makovu ya nailoni, hufanya hivyo kama anayemfunga mtoto kishikizo.

Asubuhi moja aliniruhusu niende naye. Ukungu ulikuwa haujainuka na kiboko alikoroma mahali fulani ng'ambo ya magugu maji. Ndoano tupu, tupu, tupu. Kisha kamba ikawa nzito, naye akaanza kuivuta polepole, akilegeza kila ilipokaza. Mbuta alipotokeza ubavu wake wa fedha, ndoano ilikuwa imeshika pembeni mwa taya, palepale panapotakiwa. Aliichomoa kwa mzunguko mmoja wa kifundo cha mkono, akaiosha majini, akaipitisha juu ya ukucha. Ilikwama. Akaichomeka kwenye ukingo wa beseni, katika nafasi yake, na kunyoosha mkono kuchukua inayofuata.