Pongezi kwa Fundi wa Umeme wa Magari

Katika Edgware Road jijini London, barabara iliyonyooka kutoka Marble Arch kuelekea kaskazini-magharibi juu ya njia ya kale ya Warumi, ambako harufu ya kahawa humkumbusha mtu Forodhani na Maskati, kioo cha mlango wa gari langu kongwe kilishuka kikakataa kupanda, na mvua ikanilowesha bega.

Nilidhani mota imekufa, lakini fundi niliyemwendea, kijana wa Mombasa mwenye adabu na utaratibu, aliniambia, "Mzee wangu, tusiituhumu mota kabla ya kuufuata umeme." Akaanza kwenye fyuzi, akaja kwenye swichi, kisha akauchomoa mpira mweusi upitishao nyaya baina ya nguzo ya gari na mlango, na humo, mahali ambapo nyaya hukunjwa kila mlango ufunguliwapo, akaukuta waya uliokatika shaba yake ilhali ganda lake li zima. Taa yake ya kupimia iliwaka upande wa nguzo, haikuwaka upande wa mlango: huo ndio ushahidi. Akaunga kipande kipya, akalehemu, akafunika, akauachia waya ulegevu wa kutosha ili usivutwe tena, kioo kikapanda.

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Fundi atafutaye asili ya ila, asibadilishe vifaa kwa kubahatisha, huhifadhi mali ya watu na heshima ya kazi yake.