Kinasa Sauti na Nyimbo za Ugogo

Katika mwaka wa 1950 Hugh Tracey alizunguka nchi ya Tanganyika na gari lake la kunasia muziki. Kazi hiyo ilihitaji mashine nzito, mafundi, na jenereta iliyowekwa mbali kwa waya mrefu ili mngurumo wake usiingie ndani ya wimbo. Miongoni mwa muziki alioupata ulikuwamo wa Wagogo. Leo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma aweza kushuka katika basi hapo Chamwino akiwa na kazi yote ile mfukoni: chombo cha ukubwa wa kiganja, betri mbili, na kadi iliyo sawa na ukucha. Jioni chombo huunganishwa na kompyuta, na nyimbo za kutwa nzima huhamia huko kabla chai haijapoa. Kwa sababu ya wepesi huo imeenea rai kwamba shida ya kuhifadhi ngoma za uwanda wa kati imekwisha. Rai hiyo yafaa ipimwe.

Kwanza chombo kipewe haki yake. Sahani za santuri za zama za Tracey zilichukua muda wa dakika tatu hivi kila upande, na mwimbaji hakuwa na budi kukata maneno yake yatoshee kipimo hicho. Lakini msunyunho haujui dakika tatu. Kiongozi huanza, kundi huitikia, wimbo hunoga polepole, na mara nyingi maneno yenye uzito hutokea wimbo ukiwa umekwisha kukolea. Mtafiti anayetumia santuri hizo kama ushahidi wa urefu au muundo wa utungo wa Kigogo anapima sahani, hapimi wimbo. Kinasa sauti cha kidijiti kimeuondoa mpaka huo. Kadhalika Simha Arom, alipochunguza nyimbo za sauti nyingi katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, alihitaji mashine mbili za kanda ili mwimbaji mmoja anaswe peke yake huku akiwasikia wenzake masikioni. Leo kimoja cha vyombo hivi vidogo chenye njia nne chaweza kufanya kazi hiyo chini ya mbuyu.

Lakini chombo hiki kina hiari zake, na mwenye kukitumia bila kuzichagua amekwisha kuchaguliwa. Iliyo mbaya kuliko zote ni kubana sauti. Saa moja ya muziki ulionaswa mara 48,000 kwa sekunde, kwa biti 24 na njia mbili, huchukua gigabaiti moja hivi. Saa hiyo hiyo ikibanwa kwa mtindo wa MP3 katika kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 huwa megabaiti zipatazo 58. Kumbe kati ya sehemu kumi na nane imebaki moja. Hesabu ya kubana imejengwa juu ya dhana ya kitu ambacho sikio halitakihitaji, na sauti nyonge iliyo jirani na sauti yenye nguvu ndiyo hutupwa mwanzo.

Sasa itazamwe ilimba. Katika chombo hiki cha Wagogo vyuma vingine hupigwa kwa kidole, na vingine havipigwi kabisa, bali huitika vyenyewe jirani zao wanapopigwa. Matundu ya kisanduku chake hufunikwa utando wa buibui ili kila mlio ufuatwe na mvumo kama wa nyuki. Mpigaji huutafuta mvumo huo kwa bidii. Ukikosekana, ilimba imeharibika. Basi sauti nyonge zilizo jirani na sauti zenye nguvu ndizo uhai wa ilimba, nazo ndizo hesabu ya MP3 inayozitilia shaka. Hatari huongezeka katika kompyuta, ambamo programu za kuondoa kelele hukaribisha mkono. Fundi asiyeijua Ugogo hubonyeza mara moja, mvumo ukapungua, naye akafurahi kuwa ameusafisha wimbo! Kwa kadi ya gigabaiti 32, inayobeba saa zipatazo 30 za sauti isiyobanwa, udhuru wa kubana hauko tena.

Vivyo hivyo kwa programu za kusahihisha sauti. Gerhard Kubik ameeleza kuwa ngazi ya sauti za Wagogo imejengwa juu ya mfuatano wa sauti za asili zinazozaliwa na mlio mmoja wa chini. Ya saba katika mfuatano huo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Kompyuta iliyofunzwa kwa kinanda huiona kama kosa. Hapa yafaa kulinganisha Chibite ya Hukwe Zawose, iliyotolewa 1996, na Assembly ya 2002 aliyoitengeneza pamoja na Michael Brook. Hii ya pili ni kazi halali ya sanaa, na sauti ya mzee ingali na utukufu wake. Lakini mwanafunzi wa muziki wa Kigogo asiifanye hati ya kusomea, kwa kuwa ndani yake ilimba mara nyingi imekuwa rangi ya nyuma ya gitaa na mitambo.

Marekebisho ya nguvu ya sauti yanayofanywa na chombo chenyewe nayo yazimwe. Wanawake wapigapo muheme, ngoma ikiwa kati ya mapaja, pigo moja huishusha sauti ya waimbaji wote. Kisha ngoma ikinyamaza chombo hupandisha upepo wa Dodoma uwe mkubwa kuliko maneno. Wanaonasa Kisandawe, upande wa Chemba, wameonywa: vidoko vya lugha hiyo ni vifupi na vikali, navyo hukatwa ncha kabla mwanaisimu hajavisikia.

Uhusiano wa chombo na kompyuta una historia ya kuonya. Kampuni ya Sony ilileta MiniDisc mwaka 1992, na watafiti wengi wakaipenda kwa udogo wake. Mwaka 2001 ikaja NetMD iliyounganishwa na kompyuta, lakini njia ilikuwa ya upande mmoja: nyimbo zilitoka katika kompyuta kwenda kwenye kisahani, wala kilichonaswa kwa maikrofoni hakikuweza kurudi kwa njia ile. Mtafiti alilazimika kupiga kisahani tangu mwanzo hadi mwisho na kukinasa upya. Hi-MD ya 2004 ilifungua mlango, na mwaka 2013 Sony ikaacha kuuza vyombo hivyo. Visahani vilivyosalia makabatini vinahitaji mashine ambayo haitengenezwi tena.

Hata hivyo upungufu mkubwa kuliko wa mashine ni wa kalamu. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyeandika historia, mila na desturi za watu wake katika kitabu cha 1954, hakuwa na kinasa sauti. Msomaji wake hasikii wimbo, lakini anajua ni desturi gani inayosemwa. Chombo cha leo kinafanya kinyume chake. Kinatoa sauti safi na kuipa namba tu. Faili likihamia katika kompyuta bila jina la mwimbaji, kijiji na tukio, baada ya miaka kumi ni sauti ya mtu asiyejulikana. Na majina yenyewe yana mgogoro: mmoja huandika Cigogo, mwingine Chigogo, mmoja zeze, mwingine izeze. Msomaji hutambua undugu wao, ila kompyuta huwatenganisha mbali katika orodha. Wanaisimu wa vyuo, waliokwisha kutumia wino mwingi kubishana kama mashine hiyo iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, wangesaidia zaidi kwa kupatana juu ya tahajia moja ya orodha.

Tena neno kunasa ni neno la mtego. Nyimbo za makumbi, yaani za jando, hazikutungwa kwa sikio la kila mtu. Wakati wa santuri nakala ilikuwa ghali, na ughali wenyewe ulikuwa ulinzi. Leo wimbo hutoka kompyutani hadi simu za mji mzima kwa usiku mmoja. Ruhusa iombwe kwa wazee kabla ya kuwasha chombo, inenwe na kunaswa mwanzoni mwa faili lenyewe, na wao waseme nani asikie na nani asisikie. Nakala isiyobanwa ibaki kijijini, katika shule au kanisa lenye kompyuta, pamoja na orodha iliyoandikwa kwa Kigogo.