Bunduki ya Viti na Saa ya Seva

Garry's Mod, mchezo uliobuniwa na Mwingereza Garry Newman mwaka 2004 juu ya injini ya Source ya kampuni ya Valve ya Marekani, na ambao ulianza kuuzwa mwaka 2006, haumwekei mchezaji hadithi ya kuifuata wala adui wa lazima, bali humpa uwanja, shehena ya vitu vya kila namna na kanuni za mwendo na uzito, kisha humwachia hiari ya kutenda alipendalo. Katika dunia ya namna hiyo kutunga silaha mpya ni fani yenye wafuasi wengi, na aghalabu wafuasi hao huanza na sura: huchonga bunduki mashuhuri, huing'arisha chuma chake, huipa mlio wa kutisha, na hudhani kazi imekwisha. Kwa maoni yangu sura ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu wa silaha umo katika mambo mawili yasiyoonekana, nayo ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba imepiga, na imepiga kwa saa ya nani.

Mfano ulio bora kwa uchambuzi si bunduki ya vita hata kidogo, bali ni ile bunduki ya kurusha viti ambayo wanafunzi wa fani hii hufundishwa katika mwongozo wa mchezo wenyewe. Silaha nzima ni faili moja la Lua, lugha ya programu iliyozaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro. Mwanzo wa faili ni wasifu: jina, umbo lionwalo mkononi na mwenyewe, umbo lionwalo na wengine, idadi ya risasi, na kama silaha huendelea au hukoma kifyatulio kinaposhikiliwa. Baada ya wasifu huja tendo. Mchezaji abonyezapo, silaha kwanza hujipiga marufuku isitende tena mpaka ipite nusu sekunde. Halafu hutoa mlio. Halafu hukuta sharti moja fupi, kwamba ikiwa maandishi haya yanasomwa na kompyuta ya mchezaji, basi yaishie hapo hapo.

Sharti hilo ndilo roho ya silaha. Faili lile lile husomwa mahali pawili, katika seva na katika kompyuta ya mchezaji, kwa sababu mchezaji akingoja habari iende kwenye seva na kurudi ndipo asikie mlio, atahisi kwamba bunduki yake imesinzia. Mlio basi hukisiwa papo hapo, nyumbani kwake, kabla ya seva kunena lolote. Kiti hakikisiwi. Kiti ni kitu kitakachoonwa na kadamnasi na kumwangukia mtu kichwani, na lau kila kompyuta ingeumba chake, pangekuwa na viti vinavyoonwa na jicho moja tu na visivyomgonga yeyote. Kwa hiyo seva peke yake ndiyo hukiumba, vipimo 16 mbele ya macho ya mrushaji, ikakisukuma kuelekea alikolenga kwa nguvu iliyotiwa upotofu kidogo wa bahati nasibu, kisha ikakiandika katika orodha ya vitu ambavyo mwenyewe anaweza kuvifuta, maana uwanja usiosafishika hujaa na seva ikaelemewa. Kiti cha ofisini kilichotumika kilikuwa mali ya mchezo mwingine, Counter-Strike: Source, na kwa miaka mingi mchezaji asiyekuwa nao aliona badala ya kiti neno kubwa jekundu la ERROR likimrukia, walakini kugongwa aligongwa vile vile, kwa kuwa seva haikushughulika na alichokiona.

Ama kuhusu saa, hapo ndipo watungaji wa bunduki za kasi hupotea. Source huendesha dunia yake kwa vipigo, na kwa kawaida kila kipigo huchukua sekunde 0.015. Tuseme mtungaji anataka risasi 900 kwa dakika: hugawanya 60 kwa 900, akapata sekunde 0.067, na huamuru risasi ifuatayo isitoke kabla ya muda huo. Kipigo cha nne hufika kwenye 0.060, bado; cha tano hufika kwenye 0.075, risasi hutoka. Dakika ikitimia zimetoka 800. Peleka silaha hiyo hiyo katika seva iliyopunguziwa mwendo kwa nusu ili ihimili wachezaji wengi, ambako kipigo ni 0.030, nayo itangoja kipigo cha tatu, yaani 0.090, na risasi zitashuka hadi takriban 667. Hakuna herufi iliyobadilika katika faili, ilhali zaidi ya robo ya kasi iliyokusudiwa imetoweka.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kuchagua muda unaogawanyika sawasawa kwa vipigo, na kuridhika na 800 au 1000. Ya pili ni kuhesabu zamu ijayo tangu wakati ambao risasi ilistahili kutoka, si tangu ilipotoka, ili vipigo vinne na vitano vipokezane na wastani urudi kuwa 900. Lakini hesabu hiyo sharti ianzishwe upya kila kifyatulio kinapoachiliwa, la sivyo silaha iliyopumzika hudai madeni yake yote kwa mkupuo mmoja. Mimi napendelea ya kwanza, kwa kuwa mkono huizoea bunduki yenye mwendo sawa upesi zaidi.

Majaribio nayo yana hadaa yake. Mtungaji anayejaribu silaha akiwa peke yake, katika mchezo wa mtu mmoja, hutendewa kila jambo na upande wa seva, na amri ya kufyatua haisomwi kamwe na upande wa mchezaji. Ila zote za ukisio hujificha. Wakija wenzake, ukisio huanza kazi na huweza kuirudia amri ile ile mara kadhaa kwa mfyatuo mmoja, na moshi uliokusudiwa kutoka mara moja mdomoni mwa mtutu hutoka mara tatu au nne, mpaka aongeze swali linaloiuliza injini kama hii ndiyo mara ya kwanza.