Panya wa labo hajashuka shimoni Rubaya



Kila mara mtu akileta hapa utafiti wa panya juu ya hewa chafu na mapafu, tunagawanyika. Wamoja: "Imekwisha kuhakikishwa!" Wengine wanacheka: panya na mtu, wapi na wapi? Mimi naona pande zote mbili zinasoma haraka.

Tuchukue vumbi la kwarzi, juu hilo linatugusa. Mawe yenye koltani ya Rubaya, kule Masisi, yako na kwarzi ndani. Ukiyapiga nyundo, chembe ndogo sana zinaruka, zinaingia mpaka chini kabisa ya mapafu, zinabaki humo. Katika labo, panya waliovutishwa vumbi hilo walipata kansa ya mapafu. Hamsta hawakupata. Vumbi moja, majibu mawili! Tungeuliza hamsta peke yake, tungemwambia mchimbaji apumue tu bila wasiwasi. Mwaka 1997, IARC, shirika la OMS la kansa, liliweka vumbi hilo katika kundi 1 la vitu vinavyoleta kansa, na uzito mkubwa ulitoka kwa wafanyakazi wenyewe waliofuatiliwa miaka mingi.

Sasa panya ni wa kazi gani? Anatuonyesha njia: namna chembe inaumiza pafu, namna kovu linajijenga. Hayo huwezi kumjaribia mtu. Lakini panya anaishi kama miaka miwili, anapumua kwa pua tu, na vumbi lake limepimwa. Mchimbaji wa Walikale anakula vumbi miaka na miaka, jioni anaongeza moshi wa kuni.

Sisi wa agronomia tunajua hii mambo. Mbegu iliyozaa vizuri Mulungu kwenye baridi, hatuigawi Walikale kwenye joto kabla ya kuijaribu palepale.

Kinachoniuma ni kungojea panya mwingine. Silikosi haiponi, tena inafungulia kifua kikuu mlango. Mtu anaweza kumaliza dawa za kifua kikuu, akarudi kwenye vumbi lilelile.

Wewe unayetafuta kichwa cha memwari, soma ya panya kwanza, kisha panda Rubaya ao Bisie: pima vumbi, uliza mchimbaji ana miaka mingapi shimoni, omba picha ya kifua. Na kumwagia jiwe maji kabla ya kulitoboa, hiyo haingojei memwari ya mtu.